Kupanda Kahuzi na kurudi Bukavu siku hiyo hiyo: tuongee kuhusu saa ya kugeuka

Mwana wa Nguba

Wakubwa na wadogo wa humu, habari zenu.

Mtoto wa dada yangu alinijia juzi na simu mkononi. "Mjomba, kuna watu wanapanda mlima mrefu asubuhi, jioni wako nyumbani wanakula. Na siye tunaweza?" Nikamjibu ndiyo, nimeshafanya. Akafurahi, akaondoka. Usiku nikakosa raha, maana jibu lile lilikuwa fupi mno na kijana ana haraka. Naandika hapa ili asome, na ninyi mliopanda mnirekebishe.

Mlima ninaouongelea ni Kahuzi, hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Ukitoka Bukavu kwenda Kavumu na hewa ikiwa safi, unauona upande wa kushoto, umekaa kama mama aliyejifunika kitenge cha mawingu. Una mita 3,308. Ni volkano iliyozimika, na mwenzake Biega ana mita 2,790. Majina ya hao wawili ndiyo jina la parke, yaani hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ziwa letu la Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo anayetoka Nguba, kando ya ziwa, ana karibu mita 1,850 za kupanda. Karibu nusu mnaimaliza kwa gari: Bagira, Mudaka, Miti, halafu mnakata kushoto kwenda Tshivanga, kwenye lango la parke. Kinachobaki kwa miguu ni kama mita elfu moja.

Najua mtu wa Kadutu akisoma hapo atasema mita elfu moja ni kitu gani, sisi tunapandisha bido la maji kila siku. Ni kweli, miguu ya Bukavu ni miguu ya milima. Lakini ngazi za Kadutu hazina matope yanayofika kwenye goti, na ukichoka unabisha hodi kwa jirani.

Njia inaanza kwenye msitu wenye miti mikubwa iliyojaa ndevu za kuvu. Baadaye mnaingia kwenye mianzi, na hapo ndipo kazi ilipo. Mianzi iliyoanguka inapitana kila upande, mnainama, mnaruka, mnatambaa. Chini kuna visiki vilivyokatwa kwa panga, vina ncha kama mkuki. Mkitoka humo mnafika kwenye vichaka vya juu, miti mifupi iliyopindwa na upepo, na mimea ambayo sijaiona popote pengine. Mmoja wao, *Senecio kahuzicus*, umepewa jina la mlima huu huu.

Tulienda mara ya kwanza Oktoba 2016, watu wanne. Tulipanga kuondoka mjini saa kumi alfajiri. Mmoja akachelewa, halafu gurudumu likatoboka pale Mudaka, na tukaanza kutembea saa tatu na nusu wakati tulitaka saa moja na nusu. Kabla ya kuingia msituni pisteri, yaani kiongozi wetu wa njia, alitusimamisha. Ni Mutwa, wa wale wenyeji wa msitu, mtu mzima, babu yake alizaliwa ndani ya msitu ule, kabla ya watu wake kutolewa parke ilipoundwa 1970 na kupanuliwa 1975. (Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Tunawalipa watuongoze mahali palipokuwa nyumbani kwao.) Akasema: "Saa saba ya mchana, popote tutakapokuwa, tunageuka. Munakubali?" Wote tukasema ndiyo. Ile ndiyo yangu ilikuwa ya mdomoni tu.

Saa saba ilitukuta kwenye vichaka vya juu. Na wakati huo huo ukungu ukafunguka, nikakiona kilele. Nakiona kabisa! Nusu saa, si zaidi. Pisteri akatazama saa yake, akakaa juu ya jiwe, akafungua sambaza zake (dagaa wa ziwa), akaanza kula. Nikamwambia, "Mzee, nusu saa tu." Hakugombana na mimi. Akasema: "Nusu saa ya kwenda. Nusu saa ya kurudi kwenye hili jiwe. Robo saa ya picha. Hiyo saa na robo, jioni tutaiomba kwa nani?"

Tukashuka. Na ninyi mnaosubiri niseme radi ilipiga, mvua ikatunyeshea, mzee akaonekana nabii: hapana. Hakikudondoka hata tone. Jua liliwaka mpaka jioni, tukafika kwenye gari saa kumi, tumekauka, na kilele kiko wazi nyuma yetu. Nilirudi Bukavu na hasira ambayo ilikaa kwangu miezi tisa.

Mara ya pili ilikuwa Julai 2017, katikati ya kiangazi. Safari hii tulilala kwa ndugu pale Miti, tukaanza kutembea saa moja na nusu kamili, na pisteri yule yule. Saa tano kasoro dakika kumi tuko kileleni. Dakika ishirini za kupumzika, tukaanza kushuka, na mimi nimeshaanza kuhesabu kwamba saa nane tutakuwa tunakunywa chai.

Ndani ya mianzi mwenzetu akateleza, mguu ukabaki kati ya visiki viwili na mwili ukaendelea mbele. Goti. Halikuvunjika, lakini lilivimba pale pale na hakuweza kuukunja mguu. Tulimkatia fimbo mbili, tukamshika mabega, na penye mteremko mkali alishuka kwa makalio kama mtoto. Kipande tulichopanda kwa dakika arobaini kilituchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Tulitoka msituni saa kumi na moja na dakika arobaini. Huku kwetu jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na chini ya miti giza haliwezi kungoja hilo.

Usiku ule nilikaa kitandani nikafanya hesabu. Goti lile lingeumia mwaka 2016, na pisteri angenikubalia ile nusu saa, tungetoka msituni saa mbili na robo ya usiku. Tochi tulikuwa na moja, ya simu. Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma; nilikuwa naisikia tangu shule ya msingi na sikuwahi kuisikia kweli.

Kwa hiyo mpwa wangu, swali lako la kwanza lisiwe "tunafika?" Liwe "tunageuka saa ngapi?" Na mlijibu mkiwa bado chini, akili ikiwa baridi, kwa sababu kule juu ukikiona kilele akili si yako tena.

Karibuni.

---

Mtu wa Kadutu

Yaya, kaka yangu, habari yako ni nzuri lakini miye sikubali yote. Siku ile ya kwanza mulikuwa wazima wote wanne, mvua hakuna, kilele munakiona. Pisteri iko kwa kusoma hali ya siku, haiko kwa kusoma saa tu. Kama ni saa peke yake, hata mutoto anaweza kuongoza. Miye ningepanda.

---

Mwana wa Nguba

Ndugu yangu, hayo maneno niliyasema mimi mwenyewe miezi tisa, kwa hiyo nakuelewa vizuri sana.

Ila angalia mwezi. Oktoba ni mvua, na mvua ya huku inakuja na radi mchana. Baadaye nilisoma jambo lililonitoa jasho. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu ya radi za dunia nzima kutokana na vipimo vya satelaiti vya miaka 16. Mahali pa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, Venezuela. Pa pili duniani, na pa kwanza katika Afrika yote, ni karibu na Kabare. Kabare yetu hii, jirani ya Bukavu! Radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sake, kule karibu na Goma, nayo imo kwenye orodha ya mbele.

Sasa fikiri tulikuwa wapi saa saba ile. Kwenye vichaka vinavyofika kifuani, juu ya mgongo wa mlima. Kirefu kuliko vyote pale ni kichwa chako. Pisteri alikuwa anasoma hali ya siku, lakini alisoma na saa mbili zijazo. Wingu la radi halikungoji umalize picha. Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika tisa tu, radi iko kilomita tatu, na wewe umeshachelewa kuwa pale.

Kwamba siku ile haikupiga, ni bahati tuliyopewa. Haibadilishi kitu kwenye uamuzi.

---

Mama Furaha

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi hapa Bukavu. Aksanti kwa uzi huu. Niongeze upande wa mwili, kwa sababu vijana wananiuliza.

Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza mtu akipita mita 2,500. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, usingizi mbaya. Kwenye mita 3,300 msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Sisi tuliokaa mita 1,500 tuna nafuu kidogo kuliko mtu wa Matadi, kule chini karibu na bahari, lakini nafuu si kinga.

Kinachowasaidia wanaopanda Kahuzi kwa siku moja ni hiki: dalili mara nyingi huanza baada ya masaa sita hadi kumi na mbili tangu mtu afike juu. Mpandaji wa asubuhi anakuwa ameshashuka. Ndiyo maana mlima wa kiasi hiki unawezekana kwa siku, na ndiyo maana msidhani kwamba kwa sababu mmeweza Kahuzi mtaweza Karisimbi yenye mita 4,507 kwa namna ile ile.

Mkimwona mwenzenu anayumba kama mlevi, anajibu mambo yasiyoeleweka, au anahema wakati amekaa na kukohoa, msimpe dawa ya kichwa mkaendelea. Mteremsheni saa hiyo hiyo.

Na jambo ambalo halisemwi: wenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, wasipande bila kuongea na daktari. Oksijeni kidogo, baridi na kukosa maji, vyote vitatu vinaweza kuleta krizi ya maumivu makali. Hata wenye AS, waliorithi kwa mzazi mmoja tu na ambao chini wanaishi bila shida, wamewahi kuumia wengu wakiwa milimani. Huku kwetu familia nyingi zina ugonjwa huu, na wengine hawajapima. Pimeni. Nimewashika mikono watoto wenye krizi, maumivu yale siyataki kwa mtu yeyote.

---

Kibati Juu

Salamu kutoka Goma. Mimi nilibeba mizigo ya wageni pale Nyiragongo, volkano yetu, 2015 mpaka 2017, acha niseme na ya kwetu.

Nyiragongo ina mita 3,470, na pale Kibati unapoanzia ni karibu mita 2,000. Masaa matano au sita ya kupanda. Miguu yenye nguvu inaweza kupanda na kushuka siku hiyo hiyo, lakini wageni walilala juu kwenye vibanda, kwa sababu ziwa la moto lilikuwa la kutazamwa usiku. Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja. Ulipokaa pale ukingoni giza likiingia, uso ulichomwa na mgongo uliganda.

Kuhusu kushuka, mwenye uzi amesema kweli. Jiwe la lava ni jiwe lingine. Linaviringika chini ya mguu, na ukianguka ukaweka mkono, linakata kama chupa. Usiku mmoja mgeni wetu alianza kutapika mara tu tulipofika kibandani, kichwa kinamuuma, hawezi kusimama. Tukaamua kumteremsha palepale. Tulikuwa wabebaji watatu, tochi mbili. Kwa kupanda nilikuwa nimebeba kilo kumi na tano na sikuhisi kitu. Kwa kushuka nilikuwa sina mzigo, namshika tu mkono, na kesho yake mapaja yangu hayakuweza kukaa kwenye kiti. Alipofika kwenye miti ya chini alianza kupata nafuu mwenyewe, anaomba maji. Sikuamini macho yangu. Leo Mama Furaha amenieleza kwa nini.

Kitu kingine cha kwetu ni mazuku. Ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde, haina rangi, na inaua mbuzi na watu. Wanasayansi wa dunia wanaiita kwa jina letu hilo hilo la Kiswahili, mazuku, wanaliandika hivyo kwenye vitabu vyao. Ukipanda milima ya huku usikae kupumzika kwenye shimo, hasa asubuhi mapema kukiwa hakuna upepo. Pumzikia penye mwinuko.

Tangu mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 sijapanda tena.

---

Mchagga wa Moshi

Nimefuatilia kutoka Tanzania, hongereni ndugu zetu. Huku kwetu vijana wanasikia kwamba Karl Egloff, yule mwenye asili ya Ekuado na Uswisi, alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 6 na dakika 42 mwaka 2014, basi wanadhani ni suala la mbio. Mlima wetu una mita 5,895. Yule ni kiongozi wa milima kwa kazi yake, amekulia Quito kwenye mita 2,850, na kabla ya kukimbia mwili wake ulikuwa umeshazoea kule juu. Mtu wa kawaida anahitaji siku tano, sita au zaidi, na hata hivyo kuna wanaogeukia njiani. Nimekuwa mpagazi miaka minane. Ninachojua ni kwamba mgeni anayekubali kugeuka anarudi mwaka unaofuata.

---

Mtu wa Kadutu

Mama Furaha na yaya, nimesoma. Hiyo ya Kabare sikuijua kabisa, na niko mutoto wa Kabare kwa upande wa mama. Nimeelewa sasa. Lakini niulize: saa ya kugeuka munaipata namna gani? Munachagua tu?

---

Mwana wa Nguba

Swali zuri, na ndilo nililopaswa kuliandika juu kabisa.

Anza na giza, urudi nyuma. Msituni nataka niwe nimetoka saa kumi na moja na nusu. Kushuka Kahuzi mkiwa wazima ni kama masaa matatu. Mimi sasa nahesabu mara moja na nusu ya hapo, kwa ajili ya goti la mtu: masaa manne na nusu. Hiyo inakupa saa saba ya mchana. Umeona? Ile ile aliyosema mzee, na yeye hakuandika kwenye karatasi. Wakati wa mvua mimi naivuta mpaka saa sita, kwa sababu ya mawingu ya mchana.

Ukitaka kilele kabla ya saa hiyo, dawa ni kuamka mapema. Hakuna nyingine. Kulala Miti kulitupa masaa mawili ambayo mazoezi ya miezi mitatu yasingetupa.

Mizigo ni michache: lita tatu za maji kila mtu, chakula kinacholika kwa baridi (sisi tulichukua bitumbura (maandazi), karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha, bugali ni nzito ukiwa unapanda), koti la mvua, sweta kavu ndani ya sachi ya plastiki, tochi ya kweli yenye betri mpya. Msivae jinzi. Ikilowa haikauki, na kule juu ni baridi kuliko mjini kwa digrii kumi na zaidi. Buti ziwe zimeshavaliwa wiki kadhaa. Mmoja wetu alinunua mpya siku mbili kabla, na kucha mbili za vidole vya miguu zilitoka.

---

Kijana wa Katuba

Niko Lubumbashi. Huku ni tambarare tupu, mlima tunaouona kila siku ni ile terile ya kiwanda, kilima cha mabaki ya madini, na hauruhusiwi kupandwa. Nitafanya mazoezi wapi? Na kule juu uliona nini hasa? Umetueleza goti, saa, buti, hukutueleza kilele.

---

Mwana wa Nguba

Mdogo wangu, tafuta jengo lenye ghorofa nne au tano na mlinzi mwenye moyo mzuri. Panda ngazi na mfuko wenye chupa za maji, kilo nane, na ukishuka ushuke na nusu ya mzigo huo, polepole. Wengi wanamwaga maji wakifika juu ili kulinda magoti. Mama Furaha atanirekebisha, lakini mimi nilipunguza mzigo nusu na nikaendelea kushuka nao. Mapaja yanajifunza kushuka kwa kushuka. Fanya hivyo wiki nane, mara tatu kwa wiki.

Kabla ya kufunga safari uliza kwanza hali ya usalama kwa watu walioko huku wakati huo. Tangu vita ifike Bukavu Februari 2025 mimi sijarudi kule juu, na mpwa wangu nimemwambia asubiri. Mazoezi aanze.

Kilele. Tulipofika, pisteri alitazama saa kabla ya kutazama kitu kingine, akasema, "Dakika makumi mbili." Halafu akakaa. Ukungu ulikuwa umefunga kila upande, mweupe kama maziwa, hata mita kumi huoni. Mwaka 2016 nilikiona kilele nikiwa chini yake. Sasa niko juu yake na sioni kitu. Nikakaa karibu naye. Upepo ulikuwa unapita kwenye vile vichaka na kutoa sauti kama mtu anayepepeta mchele.

Kama dakika ya kumi na tano ukungu ukapasuka upande wa mashariki. Ziwa lote likatokea, la buluu, na Idjwi imelala katikati yake, na mabati ya vijiji yanameta chini kule. Nilimgeukia mzee nimwonyeshe. Alikuwa ameshasimama, anafunga mkanda wa mfuko wake.